Mashine Imeingia Mahakamani Kupitia Steshenari

Barua ya wazi kwa Rais, Baraza la Uongozi na wanachama wote wa Chama cha Mawakili Tanganyika (TLS)

Waheshimiwa mawakili wasomi,

Nawasalimu kwa heshima ile ile niliyowapa miaka yote mlipofika dirishani kwangu na mafaili kwapani. Mimi ni karani mstaafu wa mahakama. Maisha yangu ya kazi yamepita masjala: kupokea nyaraka, kugonga mihuri, kufungua majalada, kuita wadaawa, kutafuta jalada ambalo kila mtu anaapa hajaligusa. Sikusomea uwakili na sijifanyi wakili. Lakini waraka unapoingia mahakamani karani huuona kabla ya hakimu, na miaka ya karibuni nimeona nyaraka zikibadilika sura.

Nasikia mnajadili akili unde kwenye makongamano yenu. Swali linalotawala, kama ilivyo katika kila fani, ni kama mashine itawapokonya kazi. Siwalaumu, kila mtu ana watoto wa kusomesha. Ila wakati mnalijadili huko kumbini, mashine imeshaingia mahakamani, na haikupitia ofisi zenu. Imepitia steshenari.

Mnazijua steshenari hizo. Ni nadra mahakama kukosa moja jirani yake: mashine ya fotokopi, kompyuta, printa, kijana mmoja, na benchi la wateja nje. Hapo ndipo anapokwenda asiye na wakili. Zamani kijana yule alikuwa na sampuli zake kwenye kompyuta, hati za watu wengine zilizowahi kupita mikononi mwake, na kazi yake ilikuwa kubadilisha majina na tarehe. Nimewahi kupokea maombi ya mirathi ambayo jina la marehemu lilikuwa sahihi ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa pili akawa marehemu mwingine kabisa. Siku hizi kijana anafungua ChatGPT kwenye simu, anaandika shida ya mteja kama alivyoisikia, anasubiri kidogo, anachapa. Mteja analipa shilingi elfu moja au mbili, anaondoka na kurasa tatu zilizopangika, zenye vichwa vya habari vilivyokolezwa wino, vifungu vya sheria, na wakati mwingine majina ya kesi. Kwa mpangilio, mnisamehe, nyingine zinazishinda baadhi ya zile nilizopokea kutoka kwenu.

Siwaandikii ili mkamkamate kijana huyo. Najua Sheria ya Mawakili inamkataza asiye wakili kuandaa hati za kisheria kwa malipo, na najua vita yenu na vishoka. Lakini kishoka wa zamani alikuwa na sura, na mara nyingi alikuwa na deni la kodi ya chumba. Polisi walijua pa kumpata. Huyu mpya yumo ndani ya simu ya kila mtu. Hata mkifunga steshenari zote, mteja wake atamuuliza mjukuu wake nyumbani, na jibu litakuwa lile lile. Kwa hiyo tuache kwanza suala la kukamata, tutazame mashine inasema nini.

Nianze na mema yake, maana yapo na ni makubwa. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili kimetangazwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Ni hatua niliyoifurahia sana. Lakini hukumu za miongo iliyopita ziko kwa Kiingereza, na sheria nyingi bado watu huzisoma kwa Kiingereza. Nimewaona watu wazima, wameshinda au wameshindwa kesi ya kiwanja walichojenga kwa jasho la miaka ishirini, wamesimama dirishani na hukumu ya kurasa kumi na tano mkononi, wakiniuliza: "Karani, nimeshinda?" Sikuweza kuwajibu zaidi ya mstari wa mwisho, kazi yangu haikuniruhusu kutafsiri hukumu. Leo mtu huyo anapiga picha kurasa zile, na dakika chache baadaye anasomewa kwa Kiswahili chepesi hakimu alisema nini, alimwamini shahidi gani na kwa nini. Tafsiri inaweza kuwa na kasoro. Hata hivyo ni zaidi ya alichokuwa nacho jana, ambacho kilikuwa si chochote.

Inafanya vizuri pia kazi moja ambayo makarani tunaijua uzito wake: kupanga maelezo. Mtu mwenye uchungu hasimulii kwa mfuatano. Anaanza na matusi ya shemeji, anarudi kwenye harusi ya 1998, anaruka hadi kwenye uzio uliong'olewa wiki iliyopita. Mashine inayapanga kwa tarehe, inatenganisha madai na masikitiko, inamuuliza kama ana risiti. Hakimu anayepokea malalamiko yaliyopangwa hivyo anaokoa nusu saa.

Sasa mabaya. Niliwahi kuletewa na jirani karatasi aliyochapiwa kuhusu mirathi ya mumewe, Mwislamu, aliyefia Tanga. Kiswahili cha karatasi hiyo kilikuwa safi. Ilimwelekeza apeleke shauri Mahakama ya Kadhi. Mawakili mtaliona kosa hilo mara moja. Jibu lile lingekuwa sahihi Mombasa, kwa sababu Katiba ya Kenya ya 2010 inazitambua mahakama za kadhi katika ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Lingekuwa sahihi Zanzibar, yenye sheria yake. Tanzania Bara hakuna Mahakama ya Kadhi iliyoundwa kwa sheria ya nchi. Mjane wa Tanga hufungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, na hakimu hapo hutumia sheria ya Kiislamu. Mama yule angeweza kupoteza miezi akitafuta mahakama isiyokuwepo, huku shemeji zake wakiuza mashamba.

Na hilo ni kosa jepesi. Mirathi yetu ina milango mitatu: mila, Uislamu, na ile Sheria ya Mirathi ya India ya 1865 ambayo mpaka leo inatumika kwetu kwa wasioguswa na hizo mbili. Karani yeyote mzoefu, na hakika wakili yeyote, kitu cha kwanza anachouliza ni marehemu aliishi vipi: kwa mila za kwao, kwa dini, au vinginevyo. Alikuwa Mkristo aliyefunga ndoa kanisani lakini akazika, akaoa na kugawa mifugo kwa mila ya Kisukuma? Hapo ndipo kesi ilipo. Mashine haiulizi. Inachagua mlango yenyewe, kimyakimya, na kuanza kutoa maelezo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Chukueni ardhi. Kwa sheria ya mahakama za migogoro ya ardhi ya 2002, Baraza la Kata liliweza kuamua mgogoro wa ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Mwaka 2021 Bunge liliondoa mamlaka hayo. Sasa Baraza la Kata linasuluhisha tu, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila usuluhishi. Karatasi za steshenari bado zinawaambia watu waende Kata wakapewe hukumu. Maandishi ya sheria ya zamani yamejaa mtandaoni, yameandikwa kwa karibu miaka ishirini, na mabadiliko ya 2021 yameandikwa kidogo. Mashine imekula kilicho kingi.

Halafu kuna hesabu ya siku za rufaa. Huku ndiko ninakoogopa zaidi, maana nimeona rufaa nyingi zikifa dirishani kwangu kabla hata hazijasomwa. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Mtu akiambiwa na simu kwamba ana siku 60, au miezi mitatu, ataamini, kwa sababu simu haina kigugumizi wala haisemi "nadhani". Atakuja siku ya 50 amevaa vizuri, ana nauli ya kurudi, na karani atamwambia muda umekwisha. Ataandika maombi ya kuongezewa muda. Mnajua wenyewe mahakama zetu husema nini kuhusu kutojua sheria kama sababu.

Kwa nini mashine inakosea hivi kwetu kuliko inavyokosea kwa wenzetu? Wataalamu watawapa majibu ya kitaalamu. Mimi nina langu la masjala. Mashine hizi zinajifunza kutokana na yaliyoandikwa. Kenya waliweka sheria na hukumu zao mtandaoni mapema na kwa wingi. Sisi tuna TanzLII, na naishukuru Mahakama kwa hilo, lakini humo hukumu nyingi ni za Kiingereza, zimeandikwa na majaji kwa ajili ya mawakili. Mtu anayeuliza kwa Kiswahili, "Baba amefariki, ndugu wamechukua nyumba, nifanye nini?", mashine ikitafuta maandishi ya Kiswahili yanayolijibu swali hilo kwa sheria ya Tanzania, inakuta nini? Vipande vya magazeti, mabishano ya mitandaoni, vipeperushi vya miradi iliyokwisha zamani, na mengi ya Kenya. Pengo lililobaki inalijaza kwa kubuni.

Pengo hilo ni lenu, waheshimiwa. Sisemi hivi kwa kejeli. Sheria iliyokiunda chama chenu haikuwapa kazi ya kulinda maslahi ya mawakili peke yake. Inawataka pia mlinde na kuisaidia jamii katika mambo yanayohusu sheria. Mnaandika vitabu vizuri, mnaandika hoja nzito, mnaandika kwa Kiingereza kwa ajili ya majaji na kwa ajili yenu. Mtu wa benchi la steshenari hamjamwandikia kitu. Mashine imekuta kiti hakina mtu, ikakaa.

Msidhani kwamba hatari inaishia kwa wasio na wakili. Mmesikia bila shaka habari ya New York, ile kesi ya Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca. Abiria alidai aliumizwa goti na toroli la chakula ndani ya ndege. Mawakili wake wakawasilisha hoja zenye hukumu sita ambazo hazikuwahi kutolewa na mahakama yoyote. ChatGPT ilizibuni, na wakili alipoiuliza kama kesi zile ni za kweli, ikamhakikishia kuwa ni za kweli. Juni 2023 jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Wengi walicheka. Afrika Kusini hawakuchelewa kufuata: Januari 2025, katika shauri la Mavundla huko Pietermaritzburg, jaji alizitafuta kesi tisa zilizotajwa na akapata mbili tu zilizokuwepo. Utafutaji alikuwa ameufanya mwanasheria mwanafunzi, na wakubwa zake hawakuukagua. Jaji akapeleka suala hilo kwa baraza linalosimamia mawakili.

Ila kesi ninayotaka muikumbuke ni ya London, Juni 2025. Katika moja ya mashauri mawili yaliyofikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Uingereza, rejea 45 zilitajwa, 18 zikiwa hewa. Na aliyezitafuta alikuwa mteja mwenyewe! Mteja alikaa na mashine, akaleta matokeo, na wakili akayapokea na kuyatia sahihi. Hiyo ndiyo picha ya kesho yetu. Mteja wenu ataingia ofisini na karatasi ya steshenari mkononi, ameshaiamini, ameshawasomea ndugu zake, na atawauliza kwa nini mnamtoza pesa kwa kitu alichonacho tayari.

Kesi hewa, hata hivyo, si tishio kubwa kuliko yote. Kesi hewa inakamatika: unaingia TanzLII, huioni, imekwisha. Inayonitisha mimi ni kesi ya kweli iliyokwisha kufa. Chukueni ushahidi wa mtoto mdogo. Kwa miaka mingi hakimu alilazimika kwanza kumhoji mtoto kupima kama ana akili ya kutosha na kama anaelewa maana ya kiapo, na hukumu nyingi za Mahakama ya Rufani zilijengwa juu ya hapo. Mwaka 2016 sheria ya ushahidi ikabadilishwa. Sasa mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, lakini lazima aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Katika Godfrey Wilson dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 168 ya 2018, Mahakama ya Rufani ikaeleza maswali mepesi anayoweza kuulizwa mtoto kabla ya kutoa ahadi hiyo. Wakili akiiuliza mashine, inaweza kumpa hukumu za kabla ya 2016, za kweli kabisa, zenye namba sahihi na majina sahihi ya majaji. Akizitafuta atazikuta. Ataziweka kwenye hoja zake kwa moyo mweupe. Na mtuhumiwa, au mtoto aliyeumizwa, ndiye atakayelipa.

Ongezeni hapo Toleo la 2023 la sheria zetu zilizofanyiwa urekebu, lililozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2025 na kuanza kutumika Julai mwaka huo. Toleo kamili lililotangulia lilikuwa la 2002. Baadhi ya vifungu mlivyovikariri tangu chuoni vimepewa namba mpya. Ninyi wenyewe mnajikwaa, nimewasikia. Mashine imesoma zaidi ya miaka ishirini ya namba za zamani.

Kuna wanaodhani suluhisho ni kununua programu za gharama zilizotengenezwa mahususi kwa mawakili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima programu za namna hiyo mwaka 2024, zile za makampuni makubwa ya uchapishaji wa sheria ya Marekani, na wakakuta zinabuni au kupotosha katika asilimia 17 hadi 33 ya maswali waliyoziuliza. Hizo ziko juu ya hazina za sheria ya Marekani, nene na zilizopangwa kwa zaidi ya karne. Sitaki kukisia zingefanya nini na mirathi ya Kigogo.

Najua pia kuna pendekezo kwamba kila wakili aliyetumia akili unde atamke hivyo kwenye waraka wake. Sikubaliani nalo. Mwaminifu atatamka na kutazamwa kwa jicho baya, mjanja hatatamka. Na mwaka mmoja mbele, kila programu ya kuandikia itakuwa na akili unde ndani yake, tamko litakuwa mapambo kama "mwombaji wako mtiifu". Mahakama haina haja ya kujua wakili alitumia chombo gani, kalamu au mashine. Ina haja ya kujua kama ameisoma hukumu anayoitegemea. Kwa hiyo liwekeni hilo katika kanuni zenu za maadili kwa maneno makali: sahihi ya wakili ni kiapo kwamba amefungua, amesoma na amehakikisha kuwa sheria hiyo bado iko hai, na kwamba kazi ya mwanafunzi au ya mteja ni yake mara anapoitia sahihi. Aambatishe nakala, aweke alama kwenye aya anayoitegemea. Desturi ya kuwasilisha nakala za hukumu mnayo tayari. Ni kuikaza tu, na Kamati ya Mawakili iwe tayari kumwita asiyetii. Mahakama za New York na Pietermaritzburg angalau zilikuwa na makarani wasaidizi wa utafiti na mawakili wa upande wa pili wa kushtuka. Hakimu wa wilaya ya mbali mwenye majalada kadhaa ya kusikiliza kwa siku, na mdaawa asiye na wakili upande wa pili, nani atashtuka?

Kuhusu siri za wateja sitasema mengi kwa sababu mnazijua kuliko mimi. Wakili anayebandika maelezo yote ya mteja, jina, ugonjwa, namba za akaunti, kwenye programu ya bure iliyo kwenye kompyuta za nchi nyingine, amevunja kitu kikubwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina la kusema kuhusu taarifa zinazovuka mipaka. Kijana wa steshenari, tuwe wakweli, alikuwa na siri za mji mzima kwenye kompyuta yake tangu kabla ya mashine kuja.

Mahakama nayo imeleta mfumo wa akili unde wa kunukuu mwenendo wa mashauri na kutafsiri kati ya Kiswahili na Kiingereza. Kwa mtu aliyewangoja mahakimu wakiandika ushahidi kwa mkono mpaka vidole vikakauka, na aliyewaona warufani wakisubiri miezi kupata nakala ya mwenendo iliyochapwa, hii ni neema. Ombi langu kwenu ni moja: msiupokee mwenendo ulionukuliwa na mashine bila kuusikiliza pale unapogombewa. Shahidi wa madai akisema "nilimlipa", na mashine ikasikia "nitamlipa", deni limerudi. Shahidi wa Kahama, wa Rombo na wa Mtwara hawatamki sawa. Wakili aliyekuwepo chumbani ndiye wa kusema palepale, kabla jalada halijafungwa.

Vijana wenu wa Shule ya Sheria nao wamo humu. Mwaka 2022 nchi nzima ilizungumza pale wanafunzi 26 tu kati ya 633 walipofaulu, na kila mtu akawa na lawama yake. Wengine wakalaumu vyuo, wengine lugha, wengine shule yenyewe. Nilichokiona mimi masjala ni kwamba wakili mzuri alitengenezwa na kazi za kuchosha: kutafuta hukumu moja siku nzima, kuandika hati ya kiapo mara nne hadi bosi aridhike, kusubiri jalada na kulisoma lote wakati wa kusubiri. Kazi hizo ndizo mashine inazichukua kwanza. Kama ofisi zenu zitaziachia zote, hamtakuwa na wa kuikagua mashine baada ya miaka kumi. Mpeni kijana atumie mashine baada ya kujaribu kwa mkono, na aeleze tofauti. Na kazi iliyokuwa ya siku mbili ikiwa ya saa mbili, natumaini mteja ataiona nafuu hiyo kwenye bili yake. Nimeitaja bili kwa kupita tu.

Narudi steshenari, kwa sababu ndilo ombi lenyewe. Marekani kampuni moja, DoNotPay, ilijinadi kuwa na wakili roboti. Mwaka 2024 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo iliifungulia hatua kwa kuahidi isichoweza kuthibitisha, na kampuni ikakubali kulipa dola 193,000. Waliyemfuata ni muuzaji wa ahadi, hawakumfuata mwananchi aliyetafuta msaada. Ningependa nanyi mfuate njia hiyo. Muda ambao mngeutumia kuwawinda vijana wa benchi, utumieni kuandika.

Andikeni karatasi za ukurasa mmoja mmoja, kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida, za mambo yanayoleta watu mahakamani kila siku: kufungua mirathi, mgogoro wa mpaka wa shamba, dhamana polisi na mahakamani, kupokea wito, kukazia hukumu, talaka na mgawanyo wa mali, rufaa. Kila karatasi iwe na tarehe, sheria inayohusika katika toleo jipya, na jina la wakili aliyeihakiki. Ieleze wazi kama ni ya Bara. Chama cha Wanasheria Zanzibar nao waandike yao. Ibandikwe kwenye ukuta wa kila masjala, wapewe wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, na kijana wa steshenari apewe nakala bila kuulizwa kitambulisho. Kisha iwekwe mtandaoni mahali pa wazi, mashine iisome. Sheria ikibadilika, karatasi ibadilike wiki hiyo hiyo na ya zamani iondolewe.

Mtasema hiyo ni kuyalisha makampuni ya nje jasho la mawakili wa Tanzania bila malipo. Mna hoja, na serikali ina haki ya kuidai hesabu hiyo kwa makampuni. Lakini yule mama wa Tanga hawezi kungoja hesabu ikamilike. Wengine watasema maelezo ya bure yatapunguza wateja. Kwa uzoefu wangu, anayejua haki yake ndiye hutafuta wakili. Asiyejua hukaa nyumbani na kulia. Mlipokuwa kwenye kambi za Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia mliona mistari ya watu. Hawakuwa wateja mliowapoteza. Hawakuwahi kuwa wateja wenu.

Mkiamua, anzeni na karatasi ya rufaa, kwa sababu muda wa rufaa haungoji kikao chenu kijacho, na kwa sababu hiyo ndiyo fupi kuliko zote: ni tarehe, mahakama na ada. Mkitaka mtu wa kuisoma rasimu na kuwaonyesha ni sentensi ipi itamshinda mtu wa benchi, makarani wastaafu tupo wengi, na muda tunao.

Wenu katika utumishi wa haki,

Karani mstaafu wa mahakama,
Morogoro